Alipona malaria iliyopanda kichwani, mbona mwanangu amebadilika?

"Mwanangu wa kiume ana miaka minane, tunaishi Muyeye, Malindi. Alipokuwa na miaka mitatu na nusu alishikwa na homa, usiku ule ule akapata degedege mara kadhaa, na kulipokucha hakuwa na fahamu. Alilazwa, siku mbili nzima hakufungua macho. Tuliambiwa ni malaria imepanda kichwani. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakamtundikia dripu. Alirudi nyumbani akitembea kwa kuyumba, lakini baada ya miezi michache alikuwa anakimbia, tukajua yamekwisha. Alipewa fenobabitoni, akatumia karibu mwaka mmoja. Sasa yuko Gredi ya 2. Hatulii. Ukimtuma vitu viwili hurudi na kimoja, au harudi kabisa, ameshaingia mchezoni. Akikasirika hupiga wenziwe, kisha hulia kwa majuto. Chuoni, yaani madrasa, husoma vizuri akiwa na wenziwe, lakini ustadhi akimwambia asome peke yake, kimya. Wakati mwingine huduwaa, unamwita haitiki. Mwalimu asema amedekezwa, babake asema anahitaji fimbo, mamamkwe asema ni nyuni, kwamba tulikimbilia hospitali kabla ya kumtafutia dawa yake. Jirani aniambia ni ile sindano ya mgongo. Nimesikia Mombasa wapiga picha ya ubongo. Je, haya yametokana na ugonjwa ule? Atapona? Nimrudishe darasa la nyuma?"

Dada yangu, ndiyo, inawezekana kabisa kwamba mambo haya yana mizizi katika ugonjwa ule, hata kama mtoto alitoka hospitali akicheka na miezi michache baadaye akawa anapiga mpira na wenziwe. Mwili hupona mapema na kila mtu akaona. Kazi nyingine za ubongo hazionekani mpaka mtoto afike umri wa kuzihitaji. Lakini ugonjwa kuacha alama ni jambo moja, na mtoto kuharibika ni jambo jingine kabisa. Katika barua yako nimeona mambo mengi yanayonipa matumaini, na moja ambalo nataka lishughulikiwe mapema kuliko yote.

Jambo hili limechunguzwa sana hapa hapa kwetu. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, mwendo wa gari wa kama saa moja kutoka Malindi, na watafiti wake waliwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, ndiyo hiyo iliyopanda kichwani. Walipopimwa miaka kadhaa baadaye, wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 9, karibu mtoto mmoja katika kila wanne alikutwa na upungufu wa namna fulani: katika lugha, kumbukumbu, umakini, tabia, kusikia, au alikuwa na kifafa. Waliowahi kuugua malaria yenye degedege kali bila kupoteza fahamu kwa muda mrefu walikuwa na kiwango hicho hicho. Kwa watoto wa eneo hilo ambao hawakuugua hivyo, ilikuwa kama mmoja katika kumi. Watafiti wa Kampala, Uganda, nao walikuta kiasi cha robo ya watoto wakiwa na udhaifu wa kufikiri na kukumbuka miaka miwili baada ya kulazwa.

Zisome namba hizo pande zote. Watatu katika wanne hawakukutwa na upungufu wowote uliopimika. Na hata miongoni mwa ambao hawakuugua, wapo wenye shida. Ndiyo maana sitaki tuitupie malaria kila kitu kisha tukaacha kutafuta sababu nyingine ambazo huenda zina tiba rahisi.

Sasa nikueleze kilichotokea usiku ule. Kimelea kinachosababisha malaria kali pwani yetu, Plasmodium falciparum, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe iliyoingiliwa hubadilika ngozi, ikaota vinundu vidogo mno vinavyoifanya inate kwenye kuta za mishipa myembamba ya damu. Zikinata nyingi katika mishipa ya ubongo, damu hupita kwa shida, na sehemu zinazoitegemea hukosa oksijeni na sukari. Na sukari yenyewe huwa imeshuka mwilini, kwa kuwa mtoto hali, na vimelea navyo vinaitumia. Mishipa huanza kuvuja, ubongo ukavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Degedege la muda mrefu huja juu ya hayo yote, likiulazimisha ubongo utumie oksijeni nyingi wakati ambapo hiyo oksijeni ni haba. Dawa ikishaua vimelea, mishipa mingi hufunguka tena. Hiyo ndiyo sababu mtoto aliyelala siku mbili bila kufungua macho anaweza kuamka akaomba uji. Ila baadhi ya sehemu ndogo ndogo huwa zimekaa na njaa muda mrefu mno.

Haya yote huenda kwa kasi ya kutisha. Mtoto anaweza kuwa na homa ya kawaida asubuhi, na usiku akawa hajitambui. Nakwambia hivi kwa sababu naona kuna mtu nyumbani anayekulaumu kwa kukimbilia hospitali. Mlifanya lile hasa lililookoa maisha yake. Kila saa inayopotea kabla ya dawa ya malaria kuingia mwilini huongeza hatari ya kifo na ya madhara ya kudumu.

Uwezo wa kutulia, kuzuia mkono usirushe ngumi, kushika maagizo mawili kichwani kwa wakati mmoja, hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo na njia zinazoiunganisha na sehemu nyingine. Sehemu hii hukomaa polepole kuliko zote, inaendelea kujengwa mpaka mtu apite miaka ishirini. Fikiria mashua yenye mabaharia wote, kila mmoja anaijua kazi yake, tanga ni zima, lakini nahodha amechoka na hutoa amri kwa kuchelewa. Mwanao ana miguu, mikono, sauti na akili ya kuelewa. Anayechoka haraka ni yule wa kuamua kipi kianze, kipi kisubiri, na kipi kiachwe.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mlikaa miaka mitatu, minne, bila kuona kitu. Mtoto wa miaka minne hakuna anayemtarajia atulie kitako saa nzima. Wa miaka minane anatarajiwa. Ananakili kutoka ubaoni, anangoja zamu, anakumbuka kazi ya nyumbani, kisha alasiri anaingia chuoni na kuanza upya. Udhaifu ulikuwepo tangu zamani. Kilichoongezeka ni mzigo. Na lile la kusoma vizuri na wenziwe lakini kunyamaza akiwa peke yake linanieleza mengi kuliko ripoti ya shule. Watoto ishirini wakisoma kwa pamoja, sauti za wenzake humvuta, kila neno likimkumbusha linalofuata. Akibaki peke yake lazima kumbukumbu yake ibebe kila kitu bila msaada. Watoto wa namna hii hujificha ndani ya sauti za wengine kwa miaka, mpaka mtu ashtuke kwamba hawajashika. Kwa kuligundua umefanya kazi ambayo daktari angehitaji saa nzima kuifanya.

Sasa lile la kwanza kushughulikiwa. Huku kuduwaa. Kuna kuduwaa kwa mawazo: mtoto ametekwa na kitu, ukimgusa bega anashtuka na kurudi. Na kuna kuduwaa ambako ni kifafa. Mtoto anakatika ghafla katikati ya neno au tonge, macho yamekazia mahali, pengine midomo inatafuna bila chakula au vidole vinachezea shati, ukimgusa haitiki, kisha baada ya sekunde kadhaa au dakika moja anarejea kana kwamba hapakuwa na kitu, au anarejea amechanganyikiwa na mwenye usingizi. Hakuna kuanguka wala povu, ndiyo maana watu hawakitambui. Kifafa baada ya malaria ya ubongo huweza kuanza miezi au hata miaka baadaye. Katika utafiti ule wa Kilifi kilikutwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi hadi kumi na mmoja. Na mtoto anayekatika mara kadhaa kwa siku hupoteza vipande vya somo bila kujua, ataonekana msahaulifu, mkaidi, mwenye hasira. Kifafa kina dawa, na watoto wengi hutulia wakizitumia kila siku bila kukosa. Kwa hiyo tafadhali, siku hizi chache weka simu karibu. Akiduwaa, mrekodi huku ukimwita na kumgusa. Video ya nusu dakika itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

La pili ni masikio. Mtoto asiyesikia sawasawa huonekana hatii. Ugonjwa wenyewe unaweza kuathiri kusikia, na watoto wetu wengi pia hutokwa na usaha masikioni mara kwa mara. Usijipimie nyumbani kwa kumwita ukiwa nyuma yake ukaridhika. Apimwe kliniki, na macho pia. Pamoja na hayo naomba apimwe wingi wa damu, apewe dawa ya minyoo ikiwa hajapewa miezi ya karibuni, na aangaliwe selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) kama hajawahi kupimwa. Upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtoto asitulie na asishike, na tiba yake haina gharama kubwa.

Kuhusu fenobabitoni: ni dawa ya degedege iliyookoa watoto wengi, lakini kwa baadhi yao yenyewe huleta kutotulia na hasira za ghafla. Kwa kuwa mwanao aliiacha miaka iliyopita, siyo inayomsumbua leo. Nimeitaja kwa sababu akigunduliwa ana kifafa huenda ukapewa tena, na hapo mkumbushe daktari shida yake ya tabia ili achague dawa inayomfaa. Na kwa mzazi yeyote anayesoma ambaye mtoto wake anaitumia sasa: usiikate ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Sindano ya mgongo haina hatia. Hutobolewa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe wa mgongo umeshakwisha juu yake, na kilichobaki ni maji na nyuzi za neva zinazoelea. Haifiki kwenye ubongo. Sababu ya kuifanya ni kwamba mtoto mwenye homa, degedege na kupoteza fahamu anaweza kuwa na malaria, au na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, na ugonjwa huo wa pili unahitaji antibiotiki haraka. Kwa macho hayatofautiani. Watoto wanaofanyiwa kipimo hiki ndio walio mahututi zaidi, kwa hiyo ndio wanaobaki na matatizo zaidi, na majirani wakiangalia huona sindano imetangulia na tatizo limefuata.

Mamamkwe wako namheshimu. Kizazi chake kiliona watoto wakikakamaa na kufa kabla gari halijapatikana, na imani ya nyuni, ya ndege anayepita juu ya mtoto, iliwapa watu jambo la kufanya badala ya kukaa wakitazama. Akitaka kumsomea mjukuu wake dua, au kumnywesha kombe safi, hilo halipingani na dawa hata kidogo. Ninachokataa ni kufukizwa moshi mtoto asiyeweza kupumua vizuri, kuchanjwa kwa wembe, na zaidi ya yote kucheleweshwa. Mwombe awe upande wako. Bibi anayekumbusha saa ya dawa ana thamani kubwa katika nyumba yenye mtoto wa namna hii.

Kwa babake nitasema wazi. Fimbo humfundisha mtoto anayeweza kujizuia lakini hataki, na hata huyo humfundisha woga tu. Mwanao anataka ila hawezi kwa wakati. Ushahidi wake ni yale machozi baada ya kumpiga mwenziwe: anajua alilofanya si jema, anaumia, na kesho linamponyoka tena. Ukimchapa utamwongezea woga, na woga humaliza ule umakini mchache alionao. Shuleni fimbo ni kinyume cha sheria, tena waziwazi tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mwalimu akiitumia una haki ya kumkataza.

Picha ya ubongo, iwe CT au MRI, nisingekimbilia. Ni ghali. Watoto wengi wenye shida kama hizi picha zao hutoka safi, kwa kuwa majeraha ni madogo mno au yako katika namna neva zinavyowasiliana. Hata ikionyesha kovu, tutakalofanya kesho yake ni lile lile. Ningeitaka endapo kuna udhaifu mpya wa mkono au mguu, kichwa kinachouma asubuhi na kutapika, au kifafa kinachoanzia upande mmoja na kukataa dawa. Pesa hizo zitafanya kazi zaidi zikitumika kwa nauli ya kliniki, kipimo cha masikio, na EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ikiwa daktari atashuku kifafa. Nayo EEG isipoonyesha kitu haimaanishi kifafa hakipo. Daktari huamua kwa historia na ile video.

Dawa za kutuliza watoto wasiotulia zipo, na kwa mtoto aliyechunguzwa vizuri zinaweza kumsaidia. Lakini zinahitaji mtaalamu wa kuzianzisha na kumfuatilia, na kwa umri huu ningeanza na mabadiliko ya nyumbani na shuleni kwa miezi kadhaa. Vile vidonge na sharubati za "kuongeza akili" zinazouzwa madukani, achana navyo. Mpe samaki, maharagwe, mboga, na usingizi wa kutosha. Usingizi hasa. Mtoto huyu akilala saa nne usiku na kuamka alfajiri, kesho yake amekwisha kabla ya mapumziko ya chai.

Atapona? Miaka minane ni umri mdogo, ubongo bado unajijenga na hujifunza njia mpya za kufikia pale pale. Watafiti wa Uganda walijaribu mazoezi ya kompyuta ya kumbukumbu na umakini kwa watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadhi ya uwezo wao uliongezeka, ambayo ni dalili kwamba mlango haujafungwa. Sitakuahidi kwamba atakuwa kama ambaye hakuugua kamwe. Huenda atabaki mtu anayehitaji kuandika mambo, anayechoka mapema kwenye kelele. Watu wa namna hiyo hufanya kazi, huoa na hulea. Wanaoharibikiwa zaidi, kwa niliyoyaona, ni wale waliokulia katika matusi ya "mjinga" na "mtundu" mpaka wakayaamini.

Nyumbani anza na maagizo. Usimpigie kelele kutoka jikoni. Msogelee, mguse bega, mwite jina, ngoja akutazame, mpe jambo moja, kisha arudie kwa mdomo wake kabla ya kwenda. Akilifanya, msifu hapo hapo na utaje alichofanya: "Umeleta ndoo bila kukumbushwa." Sifa ya jioni kwa jambo la asubuhi haimfikii. Dukani mpe karatasi, au mchoree vitu viwili. Mpangilio wa siku usibadilike badilike: kuoga, kula, shule, mapumziko, chuo, kulala, kwa saa zile zile, maana jambo la mazoea halihitaji kukumbukwa. Kazi ya shule ivunjwe vipande vya dakika kumi kumi, katikati akimbie uwanjani. Hasira ikianza kupanda, mtoe penye watu kabla haijafika kileleni, mkae pembeni bila mahubiri. Mazungumzo yaje akishatulia, tena mafupi.

Ongea na ustadhi kama ulivyoongea nami. Mwombe ampe aya chache, amsikilize yeye kwanza kabla hajachoka, na siku ngumu amruhusu arudi mapema. Shuleni mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango, na ampe vijikazi vya kusimama, kama kugawa vitabu.

Wiki hii mpeleke kliniki ya watoto ya hospitali ya kaunti ndogo hapo Malindi. Chukua kadi yake ya kliniki, karatasi za kutoka hospitali kama unazo, daftari moja la shule na ile video. Mwambie daktari neno kwa neno: "Alikuwa na malaria ya ubongo, alipoteza fahamu siku mbili, sasa huduwaa." Sentensi hiyo itamfanya asikuandikie dawa za homa tu akakurudisha. Omba barua ya kwenda kwa wanaoshughulikia kifafa Kilifi kama itahitajika, na ya kumwona mtaalamu wa tiba ya kazi, anayemzoeza mtoto shughuli za kila siku, au wa lugha. Halafu uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu EARC, vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza nchini 1984. Watampima anavyojifunza na kuiandikia shule ripoti.

Lakini usingoje kliniki akipata degedege la mwili mzima linalozidi dakika tano, au linalojirudia kabla hajazinduka, au degedege lenye homa, au akianza kupoteza maneno na mambo aliyokuwa akiyaweza. Hapo ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata usiku. Njiani mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Na homa yoyote apimwe malaria siku ile ile. Kuugua mara moja hakumzuii kuugua tena, kwa hiyo chandarua chenye dawa kisikosekane kitandani, hasa mvua zikinyesha.

Kumrudisha darasa la nyuma, hapana. Sheria ile ile ya 2013 hairuhusu shule kumzuia mtoto asipande darasa, na hata ingeruhusu, angerudia masomo yale yale kwa njia zile zile zilizomshinda, akiwa amewapoteza marafiki aliowazoea. Kwanza ipatikane ripoti ya tathmini. Ukiipata, nenda nayo kwa mwalimu pamoja na babake, si peke yako, muisome watatu. Mkubaliane mambo mawili ya kubadilisha muhula huu, kisha mkutane tena kabla ya kufunga shule kuangalia lipi limesaidia.